Ndege wa Ba

Katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Gautam, mjini Nakuru, hakuna aliyetia kitu kinywani asubuhi kabla njiwa hawajala. Hiyo ilikuwa sheria ya Ba. Ba ndivyo Sonal alivyomwita nyanya yake, Shakuntala, na Ba akisema neno, hata Gautam, mwanawe na babake Sonal, aliacha chai yake ipoe. Kila alfajiri Ba alipanda darini na kopo la mtama, akaumwaga, akangoja njiwa washibe. Magoti yalipoanza kumsumbua, kazi hiyo ikawa ya Sonal, msichana wa miaka kumi na miwili, naye akaipenda kuliko kazi zote za nyumbani. Kuosha vyombo, kwa mfano, hakukupenda hata kidogo.

Likizo ya Agosti mwaka 2007, daktari alimshauri Ba apumzike mbali na vumbi la duka. Gautam akampeleka yeye na Sonal hadi Ziwa Baringo, akawapandisha mashua, kisha akarudi kuuza saruji. Walifikia kambi ndogo ya wageni kisiwani: vibanda vya mawe vilivyoezekwa nyasi, taa za mafuta, na maji ya kuoga yaliyopashwa moto na jua ndani ya pipa jeusi. Televisheni haikuwepo. Sonal alinuna kidogo, halafu akaona ndege wa manjano wakining'inia kwenye viota vyao juu ya maji, akasahau kununa.

"Hapa tuna sheria moja kubwa," alisema Jepkorir, msimamizi wa kambi, akiwakaribisha. "Msiache chakula nje. Hata ganda la ndizi. Wanyama wakizoea chakula chetu, watatufuata mpaka mlangoni."

Asubuhi iliyofuata, Ba aliketi mbele ya chapati na chai bila kuvigusa.

"Ndege wamekula?" aliuliza.

"Bado, Ba."

"Basi nami bado."

Kopo la mtama walikuwa wamelisahau Nakuru, na Ba alipaswa kula kabla ya kumeza dawa zake. Sonal angeweza kwenda kumuuliza Jepkorir. Lakini aliogopa kukatazwa, na Ba akikataa kula je? Akaificha chapati yake ndani ya kitambaa, akaenda nyuma ya kibanda, akaikatakata vipande vidogo. Ndege wakaja kwa fujo.

"Wamekula, Ba!"

Ba akala. Jioni hiyo waliandaliwa tikiti maji tamu kutoka Marigat, na Sonal akayaficha maganda yake. Alfajiri akayatupa pale pale pamoja na chapati aliyoibakiza. Ndege si wanyama, alijiambia, na maganda si chakula hasa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Siku iliyofuata, Ba alitoka mapema kwenda kulisalimu jua, kama alivyozoea. Sonal alikuwa mlangoni akimletea shali alipomsikia Kemboi, mpishi wa kambi, akisema kwa sauti ya chini, "Mama, simama hapo hapo. Usikimbie."

Sonal akachungulia. Nyuma ya kibanda, hatua chache kutoka kwa Ba, kiboko alikuwa akitafuna ganda la tikiti.

Ba hakusogea. Kiboko alimaliza ganda, akanusa nyasi akitafuta jingine, kisha akageuka polepole na kurudi ziwani. Hapo ndipo Ba alipoomba kiti.

Jepkorir alifika mbio. Akaona mabaki ya maganda chini.

"Kemboi, haya yametoka jikoni. Si nilikuambia ufukie maganda yote?"

"Nilifukia, madam. Haki ya Mungu."

"Na haya yametembea yenyewe? Huyu mama angekufa! Panga vitu vyako. Utaondoka na mashua ya leo."

Kemboi alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Sonal alitaka kusema, lakini kwa aibu na woga akajificha nyuma ya kiti cha Ba.

Walipoketi mezani, Ba aliuliza kama kawaida, "Ndege wamekula?"

Sonal akaangua kilio. "Ba, ni mimi! Maganda niliyaweka mimi."

Ba aliisukuma sahani yake kando. Kisha akashika bega la mjukuu wake na kuinuka. "Usiniambie mimi. Kamwambie anayefukuzwa."

Walimkuta Kemboi amekwisha kukaa ndani ya mashua, begi mapajani. Jepkorir alikuwa amesimama ufuoni. Sonal alieleza kila kitu, kuanzia chapati.

"Kemboi, nisamehe," Jepkorir alisema hatimaye. "Nilikuhukumu kabla sijauliza."

Kemboi alimtazama Sonal. "Kumbe chapati zangu ulikuwa unapea ndege? Na mimi nikidhani unazipenda!"

"Nazipenda, uncle. Pole sana."

"Basi leo utakula tano, nikikuangalia."

Walipocheka wote, Ba alimgeukia Sonal. "Kutoa ni jambo zuri, na nilikufundisha mimi. Lakini ukijikuta unatoa kwa kujificha, simama, uulize kwanza. Na ukikosea, sema mapema, mtu mwingine asibebe kosa lako. Mimi pia nimekosea. Nimeingiza sheria yangu kwenye makao ya watu bila kupiga hodi."

Kesho yake Ba aliketi mbele ya chai yake, akatazama nje. Hakuna aliyekuwa amemwaga chochote. Ndege wa manjano walikuwa majanini wakidonoa wadudu, na mmoja aling'ang'ana na panzi mpaka akammeza.

"Wamekula," Ba alisema, akavuta sahani yake. "Sasa nasi tule."