Nati za Kushoto

Jumamosi ya tarehe tano Agosti, mwaka 1995, ndiyo siku mambo yalipotuharibikia pale njiapanda ya Nangurukuru. Asubuhi yake haikuwa na dalili yoyote. Mwanangu Tekla, aliyekuwa darasa la sita, alifagia kibanda chetu cha kuziba pancha, akajaza maji kwenye beseni la kutafutia matundu ya mipira, kisha akapanga vifaa juu ya gunia. Kupanga kwenyewe hakukuwa kazi ndefu. Tulikuwa na jeki, nyundo, vyuma vya kung'olea tairi, na wili spana ya malori, ile kubwa ya kufungulia nati za magurudumu. Na bomba la chuma la kurefushia mpini, nati ikigoma.

Hatukuwa hivyo siku zote. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya shirika la umma, yenye kabati zima la spana za kila namba, na fundi yeyote wa njiapanda aliruhusiwa kuazima. Kisha wakubwa wa serikali wakasema sasa ni biashara huria. Karakana ikafungwa, ikauzwa, kabati likapakiwa kwenye lori likaondoka. Biashara huria yenyewe ikatuletea spana zinazong'aa kama vijiko vya harusi. Ukikaza nati mara mbili, mdomo unapanuka.

Tekla aliipenda kazi hii tangu alipofariki mama yake, Veronika. Marehemu alikata roho ndani ya lori lililokwama matopeni tukimpeleka hospitali Lindi. Barabara hiyo wakubwa walikuwa wameahidi kuitengeneza tangu sijaoa. Toka siku ile binti yangu habanduki penye gurudumu. Nilimruhusu kushika vifaa kwa sharti moja tu.

"Siku utakayoharibu kitu cha mteja," nilimwambia, "spana unaiweka chini, unabaki na vitabu vyako."

Alijua sitanii.

Jumamosi hiyo yalikuwa yanapita magari ya mashindano, kutoka Lindi hadi Kilwa Masoko, yalale huko, kesho yake yarudi. Mimi nilikuwa nimekwenda mazishini Singino. Haya niliyoyakosa alinisimulia Tekla mwenyewe.

Lilikuja gari la njano, la chini kiasi kwamba hata kuku asingepita uvunguni. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limelala. Dereva wake, Alex, alishuka huku mkono wa kulia umefungwa bendeji. Mwenzake, msoma ramani, alikwenda kuchuchumaa kando ya barabara akawa anatapika.

"Fundi yuko wapi?" Alex aliuliza.

"Shikamoo. Baba amekwenda mazishini. Niliyepo ni mimi."

"Marahaba. Vifaa vyangu vyote viko kwenye gari la mafundi, nalo limezama mchangani huko nyuma. Utaweza kufungua hili, ukafunga la akiba?"

"Nitaweza, mjomba."

Alex akaenda kunywa chai kwa Mama Warda, muuza vitumbua. Tekla akaweka jeki tayari. Alipoweka wili spana akakuta mdomo wake ni mkubwa kuliko nati. Akakata kipande cha bati, akakichomeka katikati ili spana ibane, kama tunavyofanya wote pale. Kisha akazungusha kuelekea kulia.

Hapo lazima nieleze. Malori mengi yaliyopita kwetu, nati za upande wa kulia hufunguka kwa kuzungusha kushoto, lakini za upande wa kushoto ni kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kulia. Yametengenezwa hivyo ili nati zisilegee zenyewe njiani. Tekla alikuwa hajawahi kushika gurudumu la kitu kingine zaidi ya lori. Kwake yeye, nati za kushoto zilikuwa na njia moja tu ya kufunguka.

Nati haikutikisika. Akamwita Pazi, mtoto wa Mama Warda, mvulana wa rika lake mwenye maneno mengi.

"Leta bomba," Pazi akasema. "Hiyo inataka uzito wa mwanamume."

"Basi kamlete, maana hapa simwoni."

Pazi akacheka, akavika bomba kwenye mpini, akapanda juu yake kwa miguu miwili. Ikalia kaa. Nati ikadondoka mchangani, na ndani yake kipande cha boliti kimekatika. Walikuwa hawafungui. Walikuwa wanakaza, na wamekaza mpaka chuma kimeshindwa.

Tekla alikaa chini. Pazi akaangalia kwa mama yake, akaona Alex bado ana kikombe mkononi.

"Sikiliza," alinong'ona. "Zimebaki tatu. Tubadilishe gurudumu, hii ya nne tuibandike kwa gundi ya pancha. Ukipaka na vumbi, nani atajua?"

"Gurudumu likichomoka je?"

"Litachomokea huko Masoko, si hapa. We Tekla, usijifanye mlokole. Baba yako akijua, spana huioni tena maishani."

Hakungoja jibu. Zile tatu walizifungua kwa kuzungusha kushoto, wakapiga jeki, wakafunga gurudumu la akiba, na ile nati iliyokatika Pazi akaibandika mwenyewe. Na kweli, ilikaa vizuri. Hata mimi ningepita bila kuiona.

Nilifika wakati Alex anarudi. Nilimkuta Tekla amesimama mbele ya mlango wa gari, ameuziba kwa mwili wake mdogo.

"Mjomba, usipande kwanza," alisema. "Nimevunja boliti moja. Hiyo nati unayoiona imeshikwa na gundi." Kisha akanigeukia. "Baba, shikamoo. Umesikia."

Alex aliinama, akaigusa nati kwa kidole, ikadondoka. Magari mawili ya wenzake yalipita yakituachia vumbi.

"Nilitaka kuondoka mbio," alisema mwishowe. "Kule kwenye kona za mteremko ningekuwa wapi saa hizi?"

Mimi nilinyoosha mkono, Tekla akanipa wili spana bila kuambiwa. Machozi yalimlengalenga lakini hakubisha.

Gari la mafundi lilifika likiwa limejaa mchanga. Fundi wake mkuu, Sipriani, mzaliwa wa Mtama, alisikiliza habari yote huku akitafuta boliti mpya kwenye kisanduku. Habari ilipofika pale pa kuzungusha kulia, akaangua kicheko.

"Mimi nilianza na malori ya pamba," alisema. "Nilivunja tatu kabla sijaambiwa kuwa magari madogo mengi hufunguka upande mmoja tu." Akanitazama. "Baba Tekla, usimnyang'anye spana. Kesho magari yote yatasimama hapa kubadili magurudumu. Mwache afunge upande wa kushoto wa gari letu. Akikosea, ichukue moja kwa moja."

Sikupenda. Lakini nilimtazama binti yangu nikamwona mama yake, nikasema haya, kesho tu.

Mchana ule Sipriani aliweka boliti huku Tekla amechuchumaa pembeni. Alimfundisha maneno machache. Soketi, yaani kile kikombe cha chuma kinachovaa nati, lazima ilingane nayo kabisa, bila bati wala kitambaa. Ya pembe sita hushika ubavu wa nati; ya pembe kumi na mbili hushika kwenye kona, ikazila. Mpini mrefu ni wa kulegezea tu. Wa kukazia ni spana ya kipimo, ambayo nguvu ikitosha hulia kit.

"Ikilia, unaacha," alisema. "Hata kama mkono bado una hamu."

Jumapili njiapanda ilijaa watu. Mgeni rasmi, mmoja wa wakubwa wa serikali, alikuwa amekuja na bendera ya kuanzishia mbio, amekaa kivulini chini ya turubai, soda mbele yake. Magari yalipangwa; kipenga kikilia yabadili magurudumu, na linalomaliza kwanza ndilo linaloondoka kwanza. Jirani yetu lilikuwa gari jekundu, ambalo mafundi wake hawakuwa wamefika, na dereva wake alikuwa amewaajiri Pazi na wenzake.

"Tekla, leo utaona kazi," Pazi alisema, bomba begani.

"Umeleta na gundi?"

Watu wa karibu wakacheka, Pazi naye akacheka kidogo.

Sipriani alitandaza vifaa vyote juu ya turubai, vimechanganyika, akaenda upande wa kulia wa gari bila kumwambia Tekla achukue kipi. Nilielewa anampima. Mimi nilisimama nyuma, jasho linanitoka kuliko mkimbiaji.

Kipenga kilipopulizwa, Tekla hakukimbilia gari. Aliinama kwenye vifaa. Aliokota soketi moja, akachungulia ndani, akairudisha. Akaokota nyingine ya pembe sita, akaijaribu kwenye nati kwa vidole, ikaingia, haichezi. Watu wakaanza kunung'unika kwamba anachelewa. Akachukua mpini mrefu, akazungusha kushoto, nati ikaachia kama mtu aliyeombwa kwa adabu. Ikafuata ya pili, ya tatu, ya nne. Jeki juu, gurudumu chini, jipya likapanda.

Nati alizianza kwa vidole. Akashusha gari. Sasa akauacha mpini mrefu, akachukua spana ya kipimo, akakaza ya juu, kisha ya chini, kisha ya ubavuni na mwenzake, ili gurudumu likae sawa. Kit. Kit. Kit. Kit. Akahamia la nyuma, mambo yakawa yale yale. Alipoinuka, Sipriani ndiyo kwanza anafunga nati ya mwisho upande wake.

Gari jekundu lilikuwa bado hewani. Bati la Pazi lilikuwa limechomoka na nati imelika kona zote, imekuwa duara kama kitufe. Gari la njano likaunguruma, bendera ikashuka, nalo likapotea kuelekea Lindi, na Nangurukuru nzima ikaliita jina la mwanangu.

Pazi alikuja taratibu. "Dada Tekla, niazime hiyo soketi ya pembe sita."

"Njoo nikuonyeshe kwanza."

Jioni kondakta wa basi la kutoka Lindi alining'inia mlangoni kabla basi halijasimama. "Baba Tekla," aliita, "la njano limeingia la kwanza." Wili spana yetu nilikuwa nayo mkononi. Nikaiweka juu ya gunia, mahali pake, mbele ya Tekla.

"Nguvu tulikuwa nazo jana pia," nilimwambia. "Jana hukuuliza kifaa gani kinafaa, ukavunja. Lakini ulisema kweli kabla mtu hajaumia, ndiyo maana leo umepewa kifaa chenyewe. Shika vyote viwili, mwanangu, kuuliza na kusema kweli. Spana ni yako."

Akaiokota, akaifuta vumbi kwa kanga yake.

Lakini jambo moja nimeliruka. Mara baada ya magari kuondoka, mgeni rasmi alitoa hotuba. Alisema vijana wa Nangurukuru wajitume, wasipende kubahatisha, wajifunze kutumia vifaa vinavyostahili. Watu wakapiga makofi. Tekla akanyoosha mkono ulio na grisi, kama yuko darasani. Mgeni rasmi akatabasamu, akamruhusu. Akasikiliza swali lake, akasema ni swali zuri, akatazama saa, akaingia garini na vioo vikapanda. Miaka imepita, na njiapanda bado tunalirudia swali hilo kila nati inapogoma:

"Shikamoo mzee. Lile kabati la spana la karakana yetu, mlilipeleka wapi?"