Usimjibu kwa Mkono

Jioni hiyo Bosibori alikuwa anatoka kupeleka majani kituoni, kikapu cha chai kitupu mgongoni, matope ya mvua ya mchana yamemganda miguuni, na alichokuwa anawaza ni kama Anyona amekumbuka kufungia kuku. Mtoto wa miaka saba, umwachie boma? Lakini angefanyaje, baba yake yuko kazini Naivasha na nyanya yake anakaa kule chini bondeni.

Alipofika kwenye migomba akasikia.

Ndu… ndu… ka-ndu.

Akatabasamu. Mdundo huo aliujua. Ni wa ule mchezo wa simu ambao Anyona aliupata kwa watoto wa shule, na wao sijui waliutoa wapi. Shujaa mwenye rungu anatembea gizani, vivuli vinamjia, na huwezi kuvipiga ovyo ovyo, unabonyeza ngoma inapolia tu. Ukipatia, kivuli kinaanguka. Ukikosa, kinakugonga wewe. Na kila ukivuka hatua, ngoma inakimbia zaidi. Jamani, mchezo mtamu ule! Bosibori mwenyewe, mikono ikimuuma kwa kuchuma chai, alikuwa akiketi na mtoto jioni, ati mara moja tu, na mara vidole vinaenda vyenyewe, vinajua kabla ya kichwa kujua, uchovu unapotea, upweke unapotea, anakuja kushtuka maharagwe yameungua.

Ka-ndu. Ka-ndu.

Akaingiza mkono mfukoni atafute ufunguo wa nyumba kubwa. Vidole vikagusa simu.

Simu alikuwa nayo yeye. Tena ilikuwa imezima tangu mchana.

Jikoni kulikuwa giza, moto haujawashwa, na harufu… kama manyoya yaliyoungua, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Anyona alikuwa amechuchumaa, ameelekea ukuta wa udongo, anagonga kwa vidole. Akigonga, anatulia. Halafu ukuta nao unagonga.

Kutoka nje.

"Anyona! Nani yuko huko nyuma?"

"Zii, mum, usinikatize, nitakosa!"

"Nimekuuliza ni nani!"

"Sijui. Alianza yeye. Mimi namjibu tu. Na sijakosa hata moja!"

Bosibori akaelewa. Kwao mtoto hufundishwa hata kabla ya kujua kusoma: anayegonga ukuta jioni hajibiwi kwa mkono. Unamuuliza jina. Binadamu atalitaja. Asipolitaja, unanyamaza, unafunika moto, unangoja aende zake. Lakini mchezo ulikuwa umemfundisha Anyona mambo mengine. Ngoma ikilia, jibu. Jibu haraka.

Akachomoka nje, akazunguka nyuma ya jiko. Hakuna mtu. Udongo laini, hauna alama hata ya mguu wa kuku. Na ukuta, mbele ya macho yake, ulikuwa unatikisika na kudondosha vumbi.

Akarudi mbio, akamshika mtoto mikono yote miwili.

Ndu… ndu… ka-ndu. Ukuta ukangoja.

Kimya.

Macho ya Anyona yakageuka juu. Midomo ikawa ya kijivu. Akalegea kama kitambaa. Bosibori akaweka sikio kifuani pake… hakuna kitu. Hakuna!

"Omwana one! Mwanangu! Anyona! Uui!"

Akamwachia. Kidole kimoja cha mtoto kikajikokota mpaka ukutani, kikagonga kidogo, na pumzi ikamrudia kwa kishindo. Bosibori akaweka sikio tena. Moyo ulikuwa unadunda.

Ndu… ndu… ka-ndu.

Mama mkwe wake alisikia yale mayowe akapanda mbio kutoka bondeni, lakini alipofika mlangoni akasimama hapo hapo.

"Mokamwana," akamnong'oneza mkaza mwanawe, "nani alijibu?"

"Mtoto."

"Kwa mdomo ama kwa mkono?"

"Kwa mkono, mama."

Mama mkwe akashika mwimo wa mlango. "Kwani hakuuliza jina? Si mlimfundisha?"

"Mama, niambie nifanye nini! Ataenda lini huyu?"

"Mama yangu alikuwa na jirani aliyejibu hivyo. Wakapokezana kumgongea, ukoo mzima. Huyu akichoka, yule anagonga. Mikono ya watu huchoka, Bosibori."

"Na yule wa nje?"

"Wacha niite watu," mama mkwe akasema, akirudi kinyumenyume.

Na aliita kweli. Bosibori alisikia sauti yake ikipasuka bondeni, kisha akasikia milango ya majirani ikifungwa, mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine.

Basi akaketi, akamlaza Anyona pajani, akagonga badala yake. Ukuta ukakubali. Mtoto akapumua, akalala. Na unajua kilichomtisha zaidi? Haikuwa vigumu. Vidole viliingia kwenye mdundo kama vilikuwa vinausubiri. Utamu ule ule. Uchovu ukayeyuka. Kuna mahali alisahau kwamba analia.

Halafu ngoma ikaongeza mwendo.

Na ukuta wa upande wa pili ukaanza.

Huo ulikuwa na mdundo wake, mzito, wa polepole, usiolingana na ule wa kwanza hata kidogo. Bosibori akauacha. Ukagonga, ukangoja.

Kifuani mwake kitu kikaruka pigo moja… na hakikurudi. Naye pia alikuwa amejibu kwa mkono.

Akanyoosha mkono wa kushoto gizani, macho yanafifia. Haukufika. Ili aufikie ukuta ule, ilibidi auache huu wa Anyona.

Ule wa kwanza nao ukagonga.

Ukangoja.