Jumamosi ya Jumuiya

Kila asubuhi Nyamizi aliamka mapema, akachota maji, akaosha vyombo na kumpikia mdogo wake uji kabla ya kuvaa sare. Zamani kazi hizo alisaidiana na mama yake, Sesilia. Lakini baba yao, Donatus, alikuwa amekwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, na huko akaoa mwanamke mwingine. Sasa mama alilima mpunga alfajiri, na mchana aliuza mchele sokoni Nyasubi. Jioni alirudi hoi, akalala bila kula.

Wiki hiyo ilikuwa zamu yao kuipokea jumuiya, yaani majirani waliosali pamoja kila Jumamosi, nyumba hadi nyumba. Mama alikuwa na homa tangu Alhamisi. Nyamizi aliwaza jinsi wageni watakavyojaa sebuleni na kuuliza baba yuko wapi. Ijumaa, akitoka shuleni, alimwendea mwenyekiti wa jumuiya, Mama Makoye, akamwambia kuwa mama amesafiri kwenda msibani Geita. Mama Makoye akampa pole, akasema wiki hiyo watasali nyumbani kwake yeye.

Jumamosi mama aliuliza mara mbili mbona watu hawaji. Nyamizi akajibu kwamba wameahirisha, akaendelea kumkanda kwa kitambaa chenye maji. Baadaye mama aliinuka kwenda chooni, akaanguka mlangoni. Nyamizi alijaribu kumnyanyua, akashindwa. Akajaribu tena, mikono ikaishiwa nguvu. Ndipo akakimbia hadi kwa Mama Makoye, akaingia watu wakiwa katikati ya sala.

"Mama hajasafiri," alisema akihema. "Yuko nyumbani, ameanguka. Nilikudanganya."

Mama Makoye alimuuliza kwa nini.

"Niliona aibu. Baba ameoa Nyarugusu."

"Mwanangu, hilo tunalijua tangu Pasaka," alisema Mama Makoye, akafunga kitabu chake cha sala.

Wanawake wanne walimbeba Sesilia hadi kwenye bajaji, wakampeleka kituo cha afya. Daktari alisema ana malaria kali na damu imepungua, na kwamba wangechelewa zaidi hali ingekuwa mbaya. Alilazwa siku nne. Wanajumuiya walipeana zamu za kumuuguza na kuwapikia watoto. Mmoja wa wazee wa jumuiya alimpigia simu Donatus. Siku ya tatu Donatus akafika, akakaa kando ya kitanda akitazama chini. Mbele ya wazee alikubali kwamba, hata kama ameoa kwingine, hawa bado ni watoto wake, na angerudi kila mwezi kusaidia shamba na kuwaona. Sesilia alimsikiliza, akageukia ukutani kupumzika.

Siku ambayo mama aliruhusiwa kutoka, Nyamizi alikuwa akiosha vyombo na Mama Makoye. Aliomba msamaha tena.

"Nimeshakusamehe," alisema Mama Makoye. "Lakini elewa jambo moja. Hatuzunguki nyumba hadi nyumba kukagua sebule za watu. Tunazunguka ili tujue nani anaumwa, nani ameachwa, nani amechoka. Ulipotudanganya, mlango ulifungwa, na mama yako akabaki ndani peke yake. Siku nyingine sema kweli, hata kama inaaibisha. Sasa niachie hivyo vyombo, ukalale."