Seremala wa Midomo Mitatu

Binti alikuwa amepanda kigoda, gundi ikimkaukia vidoleni, akibandika karatasi za majina kwenye rafu za duka la vyombo. Asubuhi hiyo duka lilifurika watu. Tajiri mwenye duka alitaka kila chombo kiandikwe majina yake yote, maana wateja walitoka kila upande. Miaka minne ya kazi hiyo ilikuwa imempa binti ujuzi wa peke yake: mtu akishataja chombo, alijua amelelewa wapi. Wenzake walimwita Mpelelezi.

"Dada, naomba hicho cha kufulia."

Aliinama kutazama. Ni seremala, shati la kijivu limenyooshwa kwa pasi, unga wa mbao masikioni.

"Hicho kina jina, kaka."

"Nyinyi hapa mnakiitaje?"

"Beseni."

"Basi nipe beseni."

Kesho yake akanunua la pili, keshokutwa la tatu. Binti akamuuliza ana nguo ngapi za kufua.

"Nguo ninazo mbili," alisema seremala. "Sababu ya kuja ndiyo moja."

Miezi minane ilipita kwa simu za mchana na utani. Seremala akataka kuoa. Shangazi, aliyemlea binti, alikuwa na swali moja tu: kwao wapi? Seremala alijibu hapahapa mjini, na kila alipoulizwa zaidi aligeuza mazungumzo.

Hapo ndipo binti alipoanza kusikiliza kwa makini. Siku moja, akiwa amechoka, seremala aliliita beseni karai, kama watu wa bara. Akizungumza na mteja, chandarua kikawa neti. Na Jumapili moja, akimtengenezea shangazi kabati, aliokota chanuo sakafuni akasema, "Shika kitana chako, mama," kama mtu wa pwani kabisa. Binti akanunua daftari. Akaandika neno, siku, na aliyekuwa akiambiwa. Jina la chanuo, aliwaza, mtu halijifunzi njiani. Hulijua mahali anapochania nywele.

"Huyo ana nyumba tatu," shangazi alimwambia kwenye simu, aliposomewa daftari. "Umfungie mlango mapema, mwanangu."

Ijumaa alasiri seremala alikuja dukani kukaza rafu. Binti akaweka gundi chini.

"Kitana ni cha nani?"

"Cha nywele, mpenzi."

"Usinichezee."

Akamfungulia daftari. Seremala alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na tabasamu likamfifia usoni. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kitana ni cha mama mkubwa. Karai ni la mjomba. Neti ni ya bibi mmoja aliyenipokea, wala hatukuwa ndugu."

Akamweleza. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, akawa wa kupitishwa nyumba hadi nyumba. Siku ya kwanza kwa mjomba alitumwa karai, naye hakulijua. Akasimama uani tu. Wakamwona mkaidi. Siku tatu baadaye nguo zake zilikuwa zimefungwa, apelekwe kwingine. Tangu hapo, kila nyumba alijifunza kwanza maneno ya wenyeji.

"Ungeniambia," alisema binti.

"Ungeniuliza kwetu ni wapi. Ningejibu nini?"

Yalikuwa maneno mazuri, na binti aliyaogopa kwa sababu hiyohiyo. Waongo nao huwa na maneno mazuri. Akanyoosha mkono.

"Nipe namba ya mama mkubwa."

Alipiga palepale, macho yakiwa usoni mwa seremala. Sauti ya kizee ikaitika. Binti akajitambulisha, akamtaja kijana.

"Yule mtoto?" ilisema sauti. "Hebu niambie, mwanangu. Bado anaomba ruhusa akitaka kunywa maji?"

Binti alikumbuka mara zote seremala alipomtembelea chumbani, amesimama karibu na mtungi, akingoja.

"Bado, mama," alisema.

Alipokata simu, alikaa kwenye ndoo ya pili.

"Na mama yako mzazi? Yeye beseni aliliitaje?"

Seremala aliyatazama mabeseni rafuni.

"Sikumbuki. Nakumbuka alivyokuwa akinisugua mgongo."

Binti akalifunga daftari, akamshika mkono kwa vidole vyenye gundi.

"Mwambie mama mkubwa aje Jumapili," alisema. "Shangazi ana maswali mengi, na mimi nitakaa upande wenu."

Rafu tatu zilikuwa bado hazina majina. Akafunika gundi isikauke, akaziacha hadi kesho.