Basi la Kuona Jiji na Mkaja wa Mama

Jirani yetu Dafrosa anasema mimi niliruka kwenye basi Dar es Salaam kama mbuzi aliyekata kamba!

Anasema nilikimbia kwenda kuvuruga sherehe ya mdogo wangu Minza. Kisa? Wivu! Eti mdogo kanitangulia kuolewa.

Anasema nilipiga kelele mbele ya wakwe mpaka ngoma ikanyamaza.

Hayo anayasema mtaani kwetu, Kawajense nzima. Kisimani anasema. Mashineni anasema. Kwenye jumuiya, sala haijaanza, anasema!

Sasa nyie mnaosoma, nisikilizeni na mimi.

Kelele nilipiga. Sikatai.

Ila Dafrosa alibaki ndani ya basi. Kilichonipigisha kelele alikionea wapi?

Mama yangu hajui kusoma, hatayaona haya, ndiyo maana nayaandika hapa. Dafrosa anajua kusoma. Asome!

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Minza alikuwa Dar, anafanya kazi za ndani kwa mwanamke mmoja anaitwa Mama Emerensiana. Huko huko akapata mchumba. Habari ikatufikia Mpanda: harusi ni Jumamosi, na Ijumaa jioni mama atafungwa mkaja.

Mkaja mnaujua. Upande wa mwanaume wanamfunga mama mzazi kitambaa kiunoni, kulishukuru tumbo lililombeba bibi harusi. Baba yetu alishafariki. Mama alituzaa, akatulea, akalima peke yake. Heshima yote aliyoisubiri duniani ilikuwa hicho kitambaa.

Tukapanda treni, mimi, mama, Dafrosa na majirani wengine, Tabora tukabadili. Mama alipakata kuku njia nzima kama mtoto mchanga.

Tulipofika Magomeni, mama mkwe wa Minza, Mama Klementina, akatupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni! Karibuni sana majirani zetu!"

Majirani?

Nikajua ndiyo lugha ya mjini.

Ijumaa asubuhi basi likasimama mlangoni. Basi zima, la kwetu! Gaspar, binamu yake bwana harusi, akaruka chini na miwani ya jua.

"Mama zangu, leo mnatembezwa! Mtaiona Dar yote, miguu haichoki. Bomba!"

Mama akauliza, "Na mkaja je?"

Minza akadakia, "Jioni, mayu. Nendeni tu. Mkirudi mnakuta kila kitu tayari."

Alijibu huku anafuta meza. Meza yenyewe ilikuwa safi...

Dafrosa alikuwa keshapanda zamani. Kiti cha dirishani!

Basi likaondoka.

"Ile Ikulu!" Tukaona ukuta.

"Ile bahari!" Bahari ikapita kati ya majumba kama nyoka kwenye nyasi. Ukiambiwa tazama, keshapotea.

Dafrosa alipiga makofi kwa kila kitu. Jalala likapita, akapiga.

"Kaka Gaspar," nikasema, "simamisha basi, mama aiguse bahari."

"Haiwezekani, dada. Kuna ratiba."

Tukazunguka. Tukafika kwenye ile sanamu ya askari mwenye bunduki. Tukazunguka tena. Askari yule yule!

"Kaka, huyu si tumeshamwona?"

"Huyu mwingine. Dar ina maaskari wengi."

"Wote wana bunduki moja?"

Watu wakacheka. Gaspar hakucheka. Aliangalia saa, akamnong'oneza dereva. Mimi nilikuwa nyuma ya dereva, masikio yangu hayana kutu.

"Zungusha tena. Wameshaanza kule."

Wameshaanza nini?!

Jamani! Na ule utalii wenyewe nikauona ulivyo. Kama kuona jiji ni kupitishwa dirishani, basi hata ng'ombe wa mnadani ameiona Mpanda, maana naye hupitishwa juu ya lori!

Basi likasimama Kariakoo watu wanywe soda. Nikashuka.

"Nyanzala! Rudi, utapotea!" Dafrosa huyo.

"Mdomo ninao, nitauliza."

"Mshamba wewe! Watu wanatafuta bahati kama hii, wewe unaikimbia!"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameegemea kioo anatabasamu, anahesabu ghorofa za jumba kwa kidole. Nikashindwa kumwambia neno.

Nikamuuliza muuza vitumbua njia ya Magomeni, akanionyesha. Nikavuka Jangwani kwa miguu. Natoka shambani Kakese na gunia kichwani kila mavuno, Magomeni ndiyo inishinde?

Nilisikia vigelegele kabla sijaiona nyumba.

Turubai limefungwa. Pilau inanukia. Ngoma inalia. Na katikati, kwenye kiti kilichopambwa maua, amekaa mwanamke mnene mwenye hereni za dhahabu.

Mama Klementina amepiga magoti mbele yake, anamfunga kitambaa kiunoni.

Mshereheshaji anapaza sauti: "Huyu ndiye mama mzazi! Tumbo lililomzaa Minza!"

Sura nikaijua kwa picha aliyotutumia Minza: alikuwa Mama Emerensiana!

Bosi wake Minza!!

Nikapiga kelele. Ndiyo, hiyo hiyo ya Dafrosa!

"Mama yetu yuko kwenye basi! Mnamfunga nani mkaja?!"

Ngoma ikanyamaza.

Nikamwendea Mama Klementina. Nilimwona ndiye mwizi, yeye na ukoo wake wote.

"Nyie watu wa mjini hamna haya? Mnamtoa mama wa watu nyumbani kwa basi ili mumwibie heshima yake?"

Akainua uso, magoti bado chini.

"Binti, mama yako ni yupi?"

"Yule mliyempakia asubuhi! Aliyewaletea kuku!"

"Yule si jirani tu wa kijijini?"

"Nani kasema?"

Aligeuza shingo pole pole, akamtazama Minza.

"Minza... ulisema mama yako mzazi ndiye huyu, ndiye aliyekuzaa na kukulea. Ukasema wageni ni majirani, hawajawahi kuiona Dar. Ukatuomba basi, tukasema masikini, na wao wafurahi. Gaspar ukamwagiza asiwarudishe mapema."

Jamani...

Ni Minza! Damu yangu!

Aliyetupakia kwenye basi ni mtoto wa tumbo lile lile!

Akanivuta mpaka nyuma ya jiko.

"Dada, umeniua."

"Mimi?"

"Umemwona mama alivyo? Anampigia magoti mpaka konda! Atakaaje mbele ya watu hawa?"

"Anapiga magoti kwa sababu alifundwa adabu. Wewe amekufunda nani?"

"Ningemwambia baadaye. Ningemnunulia kitenge..."

"Kitenge cha kufunika nini?"

Akalia. Sikumbembeleza. Mniite katili, niiteni!

Nikarudi uwanjani. Mama Emerensiana alikuwa bado kitini, jasho linamtoka. Nikapeleka mkono kiunoni kwake, nikafungua fundo mwenyewe. Hakubisha.

Mama Klementina akaupokea mkaja, akaukunja. Kisha akawageukia watu.

"Hakuna atakayekula hapa mpaka basi lirudi. Na atakayemwambia mama yule neno, atanijua mimi ni nani."

Huyo ndiye niliyemwita mwizi.

Basi likarudi jua linapunga. Mama alishuka akicheka.

"Nyanzala, umekosa! Nimeona askari, wako wengi!"

Wakamkalisha kwenye kiti cha maua. Mama Klementina akapiga magoti upya, kama hajawahi kupiga siku ile. Mama naye akataka kushuka apige magoti, wakamshika mabega. Vigelegele vikaanza.

Sasa mnaniuliza basi la matembezi lina faida?

Kwa Dafrosa, lina faida. Aliona Ikulu.

Mimi nawaambia hivi: mtu akikulipia usafiri wa kwenda kuona, kwanza tazama anataka usione nini. Na kama basi ni la kukuzungusha, shuka! Wakuite mshamba, mwenye wivu, mbuzi aliyekata kamba. Shuka! Heshima ya mzazi wako hailindwi ukiwa umekaa kiti cha dirishani.

Na mume nitapata wakati wangu. Dafrosa asinihesabie miaka.

Siku ile kulipotulia, nilikaa chini karibu na mama. Alikuwa anaupapasa mkaja kiunoni. Akaishika ncha yake, akaivuta puani. Akanusa. Akanusa tena.

Tabasamu likapungua kidogo.

"Nyanzala."

"Naam, mayu."

"Kitambaa hiki kipya. Mbona kina marashi ya mtu?"

Minza alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la pilau. Akarudi hatua moja nyuma.

"Nyanzala, mwanangu, wewe hujawahi kunificha kitu. Niambie. Kabla yangu alifungwa nani?"