Mkebe wa Mukami

Kila jioni nyumbani kwa Mama Ednah, juu kidogo ya soko la Kianjokoma, kazi ilikuwa ile ile. Binti yake Mukami, wa darasa la sita, aliketi mlangoni na ungo magotini akichambua maharagwe ya chakula cha usiku. Kwaresima ilipoingia, kazi ikaongezeka kidogo. Katekista Munyi aliwaagiza watoto wa jumuiya yao hivi: kila jioni mtoto achote konzi moja ya maharagwe kutoka fungu lake mwenyewe, aitie mkebeni, kisha usiku ale pungufu kiasi hicho. Ijumaa Kuu kila mkebe ungepelekwa kwa mtu mwenye shida.

"Msidhani mnatoa maharagwe ya mama zenu," alisema katekista. "Mnatoa njaa yenu."

Mukami alipangiwa Mzee Nyamu, aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Mzee huyo alikuwa hajatia mguu kanisani tangu mkewe azikwe. Ulimi wake ulikuwa mkali ajabu. Wapo wanaoapa kwamba siku moja alimkemea fahali, na fahali akapiga magoti. Mimi sikuwepo, lakini fahali mwenyewe nilimwona, na kweli alikuwa mpole mno.

Wiki ya kwanza Mukami alichota vizuri. Wiki ya pili akaruka siku mbili. Wiki ya tatu mama yake alipika maharagwe kwa ndizi na viazi, harufu ikajaa nyumba nzima, na Kwaresima ya Mukami ikaishia hapo. Mdomo wake tu ndio ulioendelea kufunga.

"Mkebe wangu unakaribia kufurika," alimwambia rafiki yake Njoki shuleni.

"Wacha! Unalala njaa na mashavu yanazidi kuvimba?"

"Hizo ni baraka, Njoki. Huzijui wewe."

Alhamisi Kuu jioni, Mukami alifunua mkebe. Maharagwe hayakufika hata nusu, na buibui alikuwa ameshahamia humo na familia yake. Kesho yake kila mtoto angeweka mkebe wake mbele ya altare.

Ndipo akakumbuka kagunia kalikokuwa kwenye kona ya ghala. Alikafungua kamba. Ndani mlikuwa na maharagwe mazuri, makubwa, yaliyopakwa vumbi la kijivu. Mukami hakushtuka. Marehemu bibi yake alikuwa akichanganya maharagwe na majivu ili fukusi wasiyatoboe, na walikuwa wakiyaosha tu na kuyapika. "Majivu haya," alijiambia. Akajaza mkebe hadi mdomoni, akayapuliza vumbi juu juu, akaenda kunawa mikono.

Asubuhi kanisani katekista aliuinua mkebe ule. "Tazameni! Huyu ndiye aliyefunga!" Watoto wakapiga makofi. Mukami akatazama viatu vyake.

Walipoupeleka kwa Mzee Nyamu, mzee aliupokea bila tabasamu.

"Kitoto hiki kimejinyima chakula kwa ajili yangu?"

"Siku arobaini, mzee," akajibu katekista.

Mzee alimkazia macho Mukami, kisha akaingia ndani bila hata kusema asante.

Saa saba mchana Mama Ednah alienda ghalani kutazama mbegu, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na kesho yake alitaka kupanda. Mara Mukami akasikia ukelele uliomfanya aangushe ungo.

"Nani ameshika mbegu zangu? Mukami! Kuku wameingia humu? Nani?"

"Kwani... si ni majivu tu, mama?"

"Majivu gani? Hiyo ni dawa ya fukusi! Ni sumu, mwanangu! Mtu akila hizi anakufa!"

Mukami aliona miti ya kahawa ikizunguka. Kama angenyamaza, hakuna mtu angejua. Mama angewalaumu kuku, na Mzee Nyamu...

"Mama, ni mimi. Nilijaza mkebe. Sikufunga. Mzee Nyamu anayo."

Mama yake hakumpiga wala hakumtukana. Alimshika mkono, wakakimbia. Kijito walikivuka bila kutafuta daraja. Kanga ya mama ilinaswa na miiba ikabaki huko huko.

Moshi ulikuwa ukitoka nyumbani kwa mzee. Mlangoni jogoo wake mwekundu alikuwa amelala chali, miguu juu, amekufa.

"Mungu wangu, tumechelewa!" Mama Ednah akapiga yowe. Mukami akaanguka kwa magoti pale matopeni.

Mlango ukafunguka. Mzee Nyamu akatoka na mwiko mkononi.

"Nani kafa hapa mpaka mnaniletea matanga?"

"Baba! Umekula maharagwe?"

"Sijala."

"Hata kidogo?"

"Mama, nimesema sijala! Yako jikoni yanachemka. Jogoo nilimrushia machache yaliyokuwa mabovu, naye ameamua kulala mchana."

"Kwa nini hujala, babu?" Mukami akauliza huku akilia.

Mzee akajikuna ndevu kwa aibu. "Niliona si haki. Kitoto kilale njaa siku arobaini kwa ajili yangu, nami nikose kuvumilia siku moja? Nikasema leo sitii kitu mdomoni mpaka jua litue."

Mukami alihisi maneno hayo yamempiga kuliko kiboko. Akamweleza kila kitu: ndizi na viazi, buibui, kagunia. Mzee alisikiliza, uso ukambadilika rangi. Akageuka kukitazama chungu, akamtazama jogoo, kisha akaketi kizingitini.

Mama Ednah alichimba shimo, wakafukia maharagwe, maji yake, chungu chenyewe, mkebe na jogoo.

"Hata jogoo nisimle?" mzee akanung'unika.

"Hata unyoya, baba!"

Shimo lilipofunikwa, Mzee Nyamu alimwita Mukami karibu.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Mfungo wako wa uongo ulitaka kuniua. Nami niliyeuamini nikafunga kweli, nikapona. Mungu wenu huyo ana mambo! Basi usipokee sifa za kitu ambacho hukukifanya, na usimlishe mtu kitu usichokijua. Mkebe mtupu wa kweli ningeupokea kwa mikono miwili."

Jioni ile, na jioni ya Jumamosi, Mukami alichota konzi yake kutoka fungu lake, akalala tumbo likinguruma. Siku ya Pasaka alisimama mbele ya watoto wenzake akasema ukweli wote. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini kwenye kiti cha nyuma kabisa aliketi mzee mmoja aliyenyoa ndevu, na waumini walikuwa wakigeuka kumtazama mpaka padri akakohoa.

Baada ya misa Mukami alimpelekea mkebe mwingine. Ulikuwa na konzi mbili tu. Mzee akautikisa sikioni.

"Haya yametoka wapi?"

"Kwenye sahani yangu, babu."

"Basi njoo na mama yako," akasema Mzee Nyamu. "Tukayapike, tuyale pamoja."