Jina la Nyumba na Jina la Mtu

Kitendawili! Nina koti. Babu alilivaa, mama akalivaa, kaka yangu akalivaa, na mpaka leo halina kiraka. Ni nini? Fikirieni huku mnasoma. Jibu mtakutana nalo.

Mwaka 1889 nilikuwa na miaka kumi na saba. Tuliishi Katalunya, jimbo la Hispania, katika nyumba ya shamba iitwayo Ginestar, na mji mzima ulituita akina Ginestar. Mama yangu, Tecla, ndiye aliyeirithi nyumba hiyo. Baba yangu, Isidre, alitoka ng'ambo ya mto, upande wa Valencia. Alikuja kuchuma zeituni, akamwoa mama, akahamia kwake. Tangu siku ile hakuna aliyemwita kwa jina la ukoo wake, Querol. Akawa Ginestar.

Asubuhi moja ya mwezi Machi tulikuwa mezani, tunakula mkate uliosuguliwa kitunguu saumu. Mwalimu Ramona akabisha hodi. Alikuwa amekunja uso, na mkononi alikuwa na karatasi.

"Mama Tecla, malalamiko yetu yamerudishwa," alisema.

Mama akaacha kisu. "Yamerudishwa? Mji mzima tulitia saini!"

Ngoja niwaeleze malalamiko hayo. Serikali ya kifalme kule Madrid ilikuwa imetunga sheria mpya. Kwa sheria zetu za zamani, mtoto mmoja hurithi nyumba na shamba. Robo ya thamani yake hugawanywa kwa watoto wote. Kwa sheria ya Madrid, sehemu kubwa ya mali hukatwakatwa kwa watoto wote. Na kifungu kimoja kilikuwa kinawatoa baadhi ya watu kwenye sheria zetu, bila wao kuomba. Hasa watu ambao baba yao alitoka nje ya Katalunya.

Watu kama sisi.

Tulikuwa watoto wanne. Kaka yangu Agustí ndiye mrithi, na alikuwa aoe wakati wa mavuno ya zabibu. Tulikuwa na kinu kimoja cha kukamulia zeituni. Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Cinta, wewe si ungepata shamba kubwa zaidi kwa sheria ya Madrid?" Nikamjibu, "Ningepata robo ya kinu. Robo ya kinu inakamua nini?"

Basi Mwalimu Ramona akaitandaza karatasi mezani.

"Tazameni. Hapa pameandikwa 'Ginestar'. Hapa chini tena, 'Ginestar'. Ni nani hawa?"

"Huyo wa juu ni mimi," alisema baba.

"Na wa chini ni mimi," alisema Mjomba Blai, mdogo wake mama, mdomo umejaa mkate. "Kwani mimi si Ginestar?"

"Na huyu, 'Mfinyanzi wa Juu'?"

"Ah, hilo ni jina la nyumba ya Pau! Kila mtu anamjua."

"Kila mtu wa hapa," alisema Mwalimu. "Karani wa Madrid hamjui. Akitafuta Mfinyanzi wa Juu kwenye daftari la vizazi, hampati. Akikuta jina lilelile mara mbili, atasema tumedanganya. Kamati ya mkoa inayokusanya malalamiko imehesabu saini sitini na moja. Arobaini na tatu hazifai."

Nyumba zetu ndizo tulizokuwa tunazitetea zisigawanywe, na majina ya nyumba hizohizo yalikuwa yametuangusha.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza mama.

"Tuanze upya. Tuna siku tatu. Kila mtu aandike jina lake, jina la ukoo wa baba, jina la ukoo wa mama, kazi yake na mahali alipozaliwa. Jina la nyumba liwe la mwisho kabisa. Asiyejua kuandika, mwenzake amwandikie jina, yeye aweke alama ya msalaba, na mashahidi wawili watie saini. Mtu asimtilie mwenzake saini kwa siri, hata kama ni mume wake. Na kabla ya yote, karatasi isomwe kwa sauti. Usiweke mkono wako kwenye neno usilolijua."

Baba alisukuma kiti chake nyuma.

"Mimi sitii saini tena."

"Isidre!"

"Niandike kwamba nimezaliwa Valencia? Si nitakuwa nimewapa watu wa Madrid kisu mimi mwenyewe? Miaka ishirini na tatu nimekuwa mtu wa hapa. Sitaki kurudi kuwa mgeni."

Mama alimgeukia. "Mume wangu, ukificha ulikozaliwa, wao watapajua tu, daftari lipo. Lakini ukisema mwenyewe kwamba ulitoka kule, na unataka watoto wako wahukumiwe kwa sheria za hapa, nani atakupinga?"

Baba akachukua jembe akaenda kwenye mizabibu.

Jioni alinikuta nachambua maharage. "Cinta," alisema, bila kuniangalia, "Querol inaandikwaje?"

Alikuwa anajua kuandika neno moja tu, Ginestar. Siku mbili nilimfundisha mstari mzima, kwa mkaa, juu ya jiwe la kinu.

Siku ya tatu watu walikusanyika kwenye ukumbi wa baraza la mji. Mwalimu alisoma karatasi yote kwa sauti. Halafu baba akapita mbele ya wote. Macià, kinyozi wetu, akapiga kelele, "Haya, Mvalencia! Usiichafue karatasi!"

Watu wakacheka. Baba hakugeuka. Aliandika polepole, ulimi nje kama mtoto: Isidre Querol Beltran, mkulima, mzaliwa wa Valencia. Mwisho kabisa: wa nyumba ya Ginestar.

"Anayefuata," alisema Mwalimu. Alikuwa Macià. Akaandika jina lake. Alipofika penye mahali pa kuzaliwa, akasita, akakohoa.

"Soma kwa sauti, kinyozi," alisema Mjomba Blai.

"Vinaròs," alisema Macià, chini chini. "Mama alikwenda kujifungulia kwao."

Vinaròs ni mji wa Valencia. Ukumbi ulitikisika kwa kicheko, na baba ndiye aliyecheka zaidi. Akamsogezea Macià kidau cha wino amalizie.

Safari ile hakuna saini iliyorudishwa. Miji mingi ilipeleka malalamiko kama sisi, na kabla ya mwaka kwisha kifungu kile kiliandikwa upya, tukabaki chini ya sheria zetu.

Agustí alioa wakati wa mavuno. Mkataba wa ndoa uliandikwa kwa sheria zetu: nyumba nzima, shamba zima, kinu kizima. Mimi na wadogo zangu tulipata mafungu yetu. Karani alipouliza jina la baba wa bwana harusi, baba alisema, "Nipe kalamu, nitaandika mwenyewe."

Na lile koti? Ni jina la nyumba. Livaeni kwa fahari. Ila mkienda kudai haki, andikeni kwanza jina la aliyelivaa.